Homoni kwa Mpunga Wenye Mimba

Tereza alinipigia simu nikiwa nasahihisha mitihani ya kidato cha tatu. Alisema tu, "Dada Neema, mama ametutoka," kisha sauti ikamkatika, nami kalamu nyekundu mkononi, mbele ya jibu la mwanafunzi aliyeandika kwamba homoni ni ugonjwa wa kina mama. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Mama Rozalia hakuugua sana, Tereza alieleza aliporudiwa na sauti. Alilalamika tumbo, akalala, asubuhi hakuamka. Wangemzika kesho yake kulekule Kilambo, juu ya bonde la Ruvuma alikolima maisha yake yote. Nikasema nitakuja. Nilikuwa sijakanyaga Kilambo tangu mwaka ule nilioishi kwa mama yake, nikiwa binti niliyetoka chuoni juzi, na mwaka ule, ukinikuta nimekaa vibaya, bado hunirudia. Tangu hapo nimefundisha baiolojia hapa mjini Mtwara mpaka mvi zimenitoka, nimelea, nimezika, nimepata kisukari. Lakini nikiulizwa ni lini nilijua kwamba mtu anaweza kulijua jambo vizuri kabisa na asiwe na la kulifanya, jibu langu ni bonde lile.

Mwaka ule nilikuwa msaidizi wa utafiti, cheo kikubwa kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuosha vyupa na kubeba deli, lile sanduku la barafu. Nilipanga chumba mtaa wa Chuno, uani, ukuta mmoja na fundi cherehani aliyeanza kukanyaga mashine kabla jogoo hajafungua mdomo. Maabara yetu ilikuwa chumba kirefu kilichowahi kuwa stoo ya pembejeo. Kilinuka salfa ya mikorosho hata tungemwaga spiriti kiasi gani, na jokofu lake lilitetemeka hadi vyupa vikagongana. Mkuu wangu tulimwita Dokta tu. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole mno, aliyezungumza Kiswahili kama anakisoma ubaoni. Mchana tulikula palepale mezani, wali na samaki kutoka kwa mama ntilie wa Chikongola, tukisukuma mizani pembeni ili tupate pa kuweka sahani. Hapo ndipo alipokuwa akinifundisha, mdomo ukiwa na chakula. "Joto haliuchomi mmea kwa nje tu, Neema," alisema siku moja akichambua mwiba. "Mmea unajichoma wenyewe kwa ndani. Jua likizidi, mitambo ya jani inashindwa kwenda nalo, na ile oksijeni tunayoivuta kwa raha zetu inageuka korofi. Inatafuna seli. Sasa, mmea una vimeng'enya vya kuizima, lakini hivyo ni kama askari waliolala. Nani wa kuwaamsha?" Nikajibu kama mwanafunzi mwema: homoni. Akafurahi. Kuna homoni inayofunga vitundu vya jani ili maji yasipotee, akasema, kuna inayochelewesha jani kuzeeka, na kuna hii yetu, asidi ya salisiliki, inayopiga kengele kabla moto haujafika. Ukiinyunyiza kidogo mapema, mmea unajiandaa. Ukizidisha, unaudhuru. Ukichelewa, umempa maiti uji. Kwenye vyungu, ndani ya banda, alikuwa ameona mpunga ulionyunyiziwa ukitoa punje wakati mpunga mwingine umetoa mapepe, yaani maganda matupu. Shambani hakuwa na hakika. "Hatujui," alisema, tena akalirudia kwa namna iliyonipendeza sana wakati ule. "Ndiyo maana tunakwenda."

Basi tulikwenda, au tuseme nilikwenda mimi, kwa sababu Dokta alikuwa na vikao. Mama Rozalia alikubali kunipa chumba na kutoa nusu ya shamba lake kwa majaribio. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye chale za kizamani usoni. Wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji wakati wa vita na yeye bado aliliita shamba lake machamba, kama wasemavyo kule, hata likiwa moja. "Karibu, ntoto," aliniambia nilipoteremsha deli langu kwenye pikipiki. "Ngeni njoo, mwenyeji apone." Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, imepakwa chokaa nyeupe mbele na imeachwa vilevile nyuma, na kuta za ndani hazikufika juu, hivyo kikohozi cha chumba kimoja kilikuwa cha nyumba nzima. Tulikula ugali wa muhogo wa akiba ya mwaka uliopita kwa mbaazi za nazi, na mchana wa njaa ndogo tulikula ming'oko iliyochemshwa kwa chumvi, ile mizizi ya porini ambayo mwanzoni niliitafuna kwa adabu na baadaye kwa uchu. Mchele ulikuwa umebaki mfuko mmoja, umening'inizwa juu ya jiko ili moshi uwafukuze wadudu, nao ulikuwa wa Tereza. Tereza alikuwa binti yake wa pekee, ana mimba ya kwanza, mume wake amevuka ng'ambo ya mto kutafuta kazi na salamu zake zilikuja kwa kuchelewa. Mama Rozalia alinionyesha bonde siku ya pili, mpunga ukiwa kijani hadi mtoni, akaniambia bila kulalamika kwamba huo ndio utakaowalisha watatu, yeye, binti na mjukuu, mpaka mvua nyingine. Mihogo ya mlimani ilikuwa imeoza kwa ugonjwa. Hakukuwa na kingine cha kutegemea.

Mkutano wa kijiji ulifanyika darasani, watu wazima wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Dokta alikuja siku hiyo na shati lililopigwa pasi. Wakulima wa kule wana namna yao ya kusema: mpunga ukikaribia kutoa shuke, bua likavimba, husema mpunga umebeba mimba. Dokta alikuwa amejifunza msemo huo kwangu na alijivunia. Akasimama, akasema kwa sauti safi: "Ndugu wananchi, tunataka kuupulizia mpunga homoni ukiwa na mimba." Mwezi uliotangulia wauguzi walikuwa wamepita kijijini hapo wakifundisha uzazi wa mpango, na neno homoni watu walilijua kutoka kwao, pamoja na sindano yake ya mkono. Bi Mwanahawa, mama mnene mwenye mtandio wa zambarau aliyekuwa kungwi wa wasichana wote wa upande ule, aliinua kidole.

"Homoni gani, baba? Zile za sindano?"

"Ni jamii hiyo hiyo, kimsingi," Dokta alijibu kwa uaminifu, akitabasamu. "Homoni ni homoni, tofauti ni kiumbe tu."

"Zile za kuzuia mimba?"

"Kwa binadamu, ndiyo, lakini..."

"Sasa mpunga una mimba, wewe unaupa dawa ya kuzuia mimba." Bi Mwanahawa aligeuka kuwatazama wenzake. "Huku si kuutoa mimba?"

Walicheka kwanza, wanaume hasa, na nikadhani tumepona. Kisha mwanamke mmoja akauliza aliyekula mpunga huo atakuwaje, na kicheko kikakatika. Macho yalimwendea Tereza, aliyekuwa amekaa mlangoni na tumbo lake. Nikasimama. Nilikuwa na maneno mazuri, nilijua kila kitu kuhusu vimeng'enya, na nilijua kwamba homoni ya jani na homoni ya sindano ni vitu mbalimbali kabisa vinavyochangia jina. Sikufika popote. "Wewe ntoto," Bi Mwanahawa aliniuliza, si kwa ukali, "umechezwa?" Sikuelewa, mpaka jirani yangu aliponinong'oneza: nimepitia unyago? Nikasema kwetu hatuna. "Basi kaa chini, mwanangu. Ntu hajachezwa, anasimama mbele ya wanaume kusema habari za mimba! Hata kama ni mimba ya mpunga." Nilikaa chini. Mwenyekiti wa kitongoji, mtu mwema aliyependa amani kuliko mpunga, alisema jambo lisubiri, wazee watazame. Dokta kwenye gari aliniambia tusiwalazimishe watu, na alikuwa sahihi, nami nikarudi kwa Mama Rozalia na kopo la unga mweupe wa dawa yetu nikaliweka chini ya kitanda.

Usiku huo kupitia ukuta niliwasikia Mama Rozalia na jirani yake wakizungumza kwa Kimakonde, wakiingiza Kiswahili pale panaponihusu mimi. "Ni ntoto mzuri," Mama Rozalia alisema. "Anaosha vyombo." Jirani akasema kuosha vyombo ni kitu kimoja. Kisha Mama Rozalia akasema, polepole, kwamba asingekuwa na Tereza ndani angethubutu, lakini mtu hachezi na mjukuu ambaye hajaonekana sura. Nilimwelewa. Hilo ndilo lililoniudhi, kwamba nilimwelewa kabisa na sikuwa na pa kumpinga.

Mvua ilikata wakati uleule ambapo isingepaswa kukata. Masika yalikuwa yameanza vizuri, kisha mawingu yakarudi baharini na jua likakaa juu ya bonde kama lina haki nalo. Maji ya majarubani, vile vitalu vya mpunga vilivyozungushiwa matuta, yalipata uvuguvugu. Ukitia mguu ulitamani kuutoa. Hata usiku hewa haikupoa, tulilala mlango wazi, Tereza akijipepea kwa ungo na kuomba mtoto asitoke mwezi huo. Mpunga ulitoa mashuke katikati ya joto hilo. Watu wengi hawajawahi kuliona ua la mpunga, nalo si la kutazamwa sana: ganda dogo hufunguka asubuhi jua likishapanda, vifuko vya chavua vyeupe vinachungulia nje, na kabla ya adhuhuri ganda limejifunga. Muda huo mfupi ndio wote lilionao. Nilikaa kwenye tuta kila asubuhi na kioo cha kukuzia, nikiona vifuko vimetoka vikavu, vimekakamaa, havimwagi kitu. Nilikuwa najua kilichokuwa kinatokea ndani yake. Nilijua jina la asidi, jina la kimeng'enya, nilijua kengele ambayo haikupigwa. Nyumbani chini ya kitanda kulikuwa na kopo. Lingesaidia? Sijui. Hata leo sijui, na nimechoka kuulizwa na nafsi yangu.

Nilikata majani, nikayaweka kwenye deli, nikapanda pikipiki hadi mjini. Tulikuwa na rangi fulani ya maabara: ukilowesha jani humo kisha ukalichemsha kwenye spiriti mpaka ukijani utoke, pale palipo na ile oksijeni korofi pataonekana kahawia. Majani ya Mama Rozalia yalipokuwa mkononi mwangu yalikuwa kijani safi, mtu angeyasifu. Yalipotoka kwenye spiriti yalikuwa na madoa tangu ncha hadi shina, kahawia iliyokolea, kama chai iliyomwagikia shuka. Niliyapanga kwenye karatasi nyeupe dirishani. Mlango wa pili Dokta alikuwa kwenye simu na watu wa mradi, na sauti yake ilipenya vizuri tu. "Hapana, matibabu hayakufanyika. Hapana, hatuwezi kulazimisha. Tuna kundi la kulinganisha peke yake... Ndiyo. Ndiyo, data ya joto ni nzuri sana." Nikatazama majani yangu. Kundi la kulinganisha ni lile usilolitibu, ili ujue dawa imefanya nini kwa lile ulilolitibu. Sisi tulikuwa na bonde zima la kulinganisha, na hapakuwa na cha kulilinganisha nacho. Dokta alitoka akanikuta nimekaa sakafuni. Alichuchumaa kwa shida, mrefu vile, akayatazama madoa muda mrefu. "Kazi safi," alisema, kisha akaona aibu kwa neno hilo, akaenda kuniletea maji ya kunywa.

Nilirudi Kilambo na kichwa kinaniuma kwa jua. Jioni nilikaa barazani nikatoa kidonge kwenye mkoba, nikakimeza kwa maji ya mtungi. Mama Rozalia alikuwa anapeta mbaazi. Akaniuliza nameza nini.

"Aspirini, mama. Kichwa."

"Hiyo naijua. Inashusha joto pia." Akapeta kidogo. "Hiyo dawa yako ya kopo inanuka namna gani?"

Sikujua kwa nini aliuliza. Nikamwambia haina harufu sana, ila ukitaka ukweli, ile na hii ni ndugu. Aspirini imetokana nayo. Ukoo mmoja.

Alisimamisha ungo. "Aspirini?"

"Ukoo mmoja, mama. Si kitu kimoja."

"Dawa ya joto. Ya mpunga." Alinitazama bila hasira hata kidogo. "Sasa mbona yule baba hakusema hivyo shuleni? Nkorosho tunapulizia salfa, hakuna anayeuliza ina ukoo gani. Angesema tunaupa mpunga aspirini, hata Mwanahawa angeleta ndoo." Aliweka ungo chini, akajifunga kanga upya kiunoni. "Kesho pulizia."

Nilimwambia. Nataka ieleweke kwamba nilimwambia, tena kwa Kiswahili chepesi: ua limeshafunguka na limeshafunga, chavua imekufa, dawa hii ni ya kabla, haifufui. La kuvunda halina ubani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama unavyomsikiliza mtoto anayekariri sala. "Unajuaje kama limefunga?" aliniuliza. "Umechezwa?" Akacheka, na Tereza ndani akacheka, na hata mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Kisha akaacha kucheka akasema, "Neema. Ni chakula chetu. Mimi siwezi kukaa tu nikautazama. Pulizia, nione umepulizia." Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. Ningeweza kukataa, na kitaalamu ningekuwa sahihi kabisa.

Nilipulizia. Niliyeyusha unga kwenye spiriti kidogo, nikachanganya na maji kwa kipimo kilekile cha Dokta, kana kwamba kipimo kilikuwa na maana yoyote, nikabeba bomba mgongoni nikaingia jaruba la kwanza. Mama Rozalia alitembea kando yangu kwenye tuta akinionyesha nilipopitiwa. "Hapo, ntoto. Na hapo penye kona." Mashuke yalikuwa yamesimama wima. Mpunga uliojaa huinama kwa uzito wake, kila mkulima anajua. Huu ulisimama, mzuri, ukicheza na upepo, na kila tone nililoliweka juu yake lilikuwa la bure. Habari zilishafika. Kufikia saa nne wanawake walikuwa wamejipanga kwenye tuta kubwa, wamekunja mikono, na katikati yao mtandio wa zambarau. Nilisubiri matusi. Ningeyapokea kwa shukrani. Bi Mwanahawa alishuka, akaja hadi nilipokuwa, viatu mkononi, akachungulia ndani ya bomba. "Rozalia kasema ni aspirini," alisema. "Ikibaki, mwanangu, pita na kwangu."

Haikubaki, nikachanganya nyingine. Nikapita kwa Bi Mwanahawa, nikapita kwa mwenyekiti, nikapita kwa mama yule aliyeuliza habari za kula, na kila mmoja alitembea kando yangu akinionyesha kona. Wengine walinishika bega, wakasema asante, mwanangu, Mungu akuzidishie. Wengine waliniletea maji na mabibo ya korosho yaliyokaushwa. Nililia ndani ya barakoa ya kitambaa na hakuna aliyejua, au kama walijua walidhani ni dawa inaniwasha. Nilimaliza kopo lote jioni. Niliwaza kwamba angalau sasa watasema dawa ya Dokta imeutoa mpunga mimba, watanilaani, na laana ina mahali pa kukaa. Sikupewa hata hiyo.

Mavuno yalipofika, Mama Rozalia alipiga mashuke kwenye mkeka na kuyapeta mwenyewe. Tereza alikuwa amejifungua wiki chache nyuma, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Nilikaa nikimshika mtoto huku bibi yake akirusha ungo. Upepo wa mto ulichukua karibu kila kitu. Kila aliporusha, wingu la maganda liliondoka, na kilichorudi kwenye ungo kililia kwa uchache wake, punje hapa na pale. Alirusha tena na tena, hata pale ambapo hapakuwa na cha kupeta, mpaka Tereza alipomwambia, "Mama, inatosha." Mashamba yasiyopuliziwa yalikuwa vilevile, na hilo watu waliliona, ndiyo maana hakuna aliyenilaumu. Walikaa barazani jioni wakizungumza, nami nikiwa ndani nasikia juu ya ukuta. Dawa ni nzuri, walikubaliana. Ni ya joto, kama aspirini. Tatizo tulichelewa sisi wenyewe, tukabishana na jina. Bi Mwanahawa alisema, "Mimi ndiye niliyechelewesha," na wote wakamtuliza. Nilitaka kutoka niwaambie kwamba hata tungewahi, huenda ingekuwa hivihivi, kwamba Dokta mwenyewe alisema hatujui. Nilifika mlangoni. Nikasikia jinsi walivyokuwa wamefarijika kuwa na sababu, nikarudi kukaa kitandani.

Mwaka huo walikula ming'oko. Mama Rozalia alikuwa akiondoka alfajiri na jembe kwenda porini, akirudi anachagua mizizi minene kwa ajili ya Tereza anayenyonyesha, na yeye alisema hana hamu. Nilimletea unga kutoka mjini kila nilipoweza, akaupokea kwa mikono miwili, akaugawa nusu kwa jirani. Mradi ulikwisha kabla ya mvua nyingine. Dokta alihamishwa, tuliagana kwenye ile meza yetu, akaniambia joto la miaka ijayo litakuwa kubwa zaidi na kwamba kazi hii lazima ifanywe na mtu, kisha akanikabidhi funguo za stoo. Mtu huyo sikuwa mimi. Niliomba huku na huku, nikaandika barua mpaka nikachoka kuandika, nikapata kazi ya kufundisha, nikaishika. Nimesoma tangu wakati ule kwamba wengine, nchi nyingine, wameendelea na homoni hizi kwenye mpunga na ngano na nyanya, na matokeo yanatofautiana, na wote wanamalizia kwa kusema utafiti zaidi unahitajika. Nikifika sentensi hiyo hufunga ukurasa.

Tulimzika Mama Rozalia saa kumi. Katekista aliomba, wanawake waliimba, na joto lilikuwa lile lile ninalolijua, linalokaa. Bi Mwanahawa alishatangulia zamani. Yule mtoto niliyemshika siku ya kupeta sasa ni mama mwenyewe, alinisalimia kwa kupiga goti, akaenda kupakua. Baadaye Tereza alinishika mkono, tukakaa nyuma ya nyumba, upande ambao haukuwahi kupakwa chokaa, bonde lote mbele yetu kijani hadi mtoni. Amenenepa, ana sauti ya mama yake. Nikampa rambirambi yangu, na kanga, na sukari niliyobeba. Akavipokea, akaviweka pajani.

"Mama hakuacha kulima mpunga," alisema. "Watu wengi waliacha, wakahamia ufuta. Yeye kila mwaka. Tulimwambia, mama, joto hili, unajichosha. Anasema hapana. Kila mpunga ukibeba mimba anasema, mwaka huu Neema atawahi."

Nilitazama chini. Tereza alikuwa hanilaumu. Alikuwa ananihadithia tu kama mtu anavyohadithia tabia za marehemu, akitabasamu kidogo. Kisha akageuka akaangalia shamba la mama yake, akainuka nusu, akavuta bua moja lililokuwa karibu na tuta akalibonyeza kwa kidole gumba ili anionyeshe lilivyovimba.

"Huu nao una mimba sasa hivi," alisema. "Dawa umekuja nayo?"

Nikamwambia sikuja nayo.

"Haya," akasema, akaliachia bua taratibu. "Basi mwakani uwahi, dada."